Siku Moja Ukingoni mwa Majabali



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, nawaomba radhi wasomaji wa safu hii. Juma lililopita niliahidi kuendelea na mlango wa haki za jirani, na mlango huo tutaufungua tena Inshaallah. Leo nawaandikia nikiwa mbali na Pwani, hapa Entarara, upande wa kusini wa Kaunti ya Kajiado, mahali ambapo mtu akiamka alfajiri huuona Mlima Kilimanjaro mbele yake kabla haujajifunika mawingu. Hapa ndipo kwao mkwe wangu, na binti yangu ni mwaka wa nane sasa anaishi hapa. Nami, baba yake mzazi, nimekanyaga ardhi hii kwa mara ya kwanza Jumanne iliyopita.

Msomaji atauliza: ni kipi kilichomzuia mzee huyu miaka yote hiyo? Jibu nilikuwa nalijua, na nilikuwa nimelificha vizuri. Lilifichuka mwezi huu wa Agosti, katika safari ya siku moja kwa gari kutoka Mombasa hadi Malindi, tulipokuwa tukiufuata ukingo wa majabali ya bahari. Naisimulia safari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni matembezi mema ambayo familia zetu nyingi zaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. Pili, nina deni la kulikiri hadharani, kwa kuwa kosa langu nililifanya kwa kutumia elimu ile ile ambayo nyinyi mnaniaminia.

Wageni kutoka bara

Shule zilipofungwa, binti yangu alikuja Mombasa pamoja na mumewe na watoto wao wawili, kijana wa miaka sita na dada yake wa miaka minne. Walikuja na gari lao dogo, lile wanalopelekea nyanya na vitunguu sokoni, wakateremka kwa njia ya Taveta na Voi. Wajukuu hawa walikuwa hawajaiona bahari, isipokuwa mkubwa, naye aliletwa angali mchanga wa kubebwa. Siku ya kwanza nilimchukua kijana hadi chini ya Ngome Kongwe. Aliyatazama maji kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Babu, bahari inaishia wapi?" Nikamwambia inaishia Hindi. Akasema, "Sisemi huko. Upande huu wetu."

Swali hilo lilimfurahisha baba yake. Akapendekeza tuufuate ukingo wa bahari hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, na jioni turudi nyumbani. Mimi nilipinga. Nilitaja bei ya mafuta, nikataja goti langu, nikataja na israfu. Mke wangu alikuwa akikanda unga wa mahamri. Bila ya kuinua uso akasema, "Sheikh, goti hilo mbona halikuumi ukialikwa maulidi ya Lamu?" Basi nikanyamaza, na siku ya pili yake, baada ya swala ya Alfajiri, tuliondoka sote sita, na kapu la mahamri na mbaazi likawa la saba.

Jiwe la moto na jiwe la bahari

Tulianzia Mama Ngina, kwenye ukingo wa kisiwa unaotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Sisi wa Mombasa twapajua kwa mihogo na madafu ya jioni, na tangu palipotengenezwa upya mwaka wa 2019 watu wamezidi. Lakini asubuhi mapema huwa hapana mtu, ila wazee wanaonyoosha miguu na kunguru juu ya mibuyu.

Breki ya mkono ya gari lile ni dhaifu. Kwa hiyo mkwe wangu aliteremka na jiwe jeusi, zito, lenye vitundu vidogo vidogo, akalitia nyuma ya gurudumu. Ni jiwe la Entarara, na husafiri nalo kila aendako. Kijana aliligusa jiwe lile, kisha akaenda kuligusa jabali la ukingoni. Akarudi mbio. "Babu, hili ni jeupe na lina makombe ndani. Letu halina."

Darsa ikaanzia hapo. Nilimwonyesha alama za matumbawe katika jabali, mengine yenye mikunjo kama ubongo, mengine mfano wa vidole. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilisimama juu zaidi kuliko leo, na vijidudu vya matumbawe, vingi vyao vidogo kama chembe ya mchele, vilikuwa vikijijengea makazi ya chokaa, kizazi juu ya kizazi. Bahari iliposhuka, majengo yao yalibaki nje, yakawa jabali hili linaloandamana na pwani yetu kwa masafa marefu. Ametakasika Yule aliyewajaalia viumbe wasio na mikono kuwa waashi.

Na jiwe jeusi je? Hilo alilijibu mkwe wangu. Alimweleza mwanawe kwamba Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni mlima wa volkano, na kwamba mawe ya kwao yalitoka ardhini yakiwa uji wa moto. Vile vitundu ni njia za hewa iliyokuwa imenaswa ndani jiwe lilipopoa. Nilimsikiliza kwa makini. Nakiri kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikiliza akinifundisha jambo. Nilikuwa nimezoea yeye kuwa mwanafunzi na mimi kuwa mwalimu.

Tukavuka Daraja la Nyali, tukapita Bamburi, ambako tangu mwaka wa 1954 mawe haya ya matumbawe huchimbwa, yakachomwa na kusagwa yakawa saruji. Mashimo yaliyoachwa na uchimbaji yalikuwa jangwa jeupe, mpaka René Haller alipoanza kupanda miti mwaka wa 1971. Leo ni msitu wenye twiga na viboko. Mkwe wangu akasema kwamba nyumba yao ya Entarara imejengwa kwa saruji yenye jina hilo. Binti yangu akacheka kiti cha nyuma. "Kumbe nilihamia bara, bahari ikanifuata."

Jumba la Mtwana

Tulipopita Mtwapa tulikata kulia, tukafika Jumba la Mtwana, magofu yanayotunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mji ule ulikaliwa kwa kiasi cha miaka 100 katika karne ya 14 na ya 15, kisha ukahamwa. James Kirkman aliufukua mwaka wa 1972. Kuta zake ni za mawe yale yale ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na mibuyu imeota katikati ya vyumba. Mwenye kupenda utulivu aende asubuhi, kabla ya jua kupanda; atasikia kuvuma kwa mawimbi na sauti za ndege, basi.

Kuna msikiti ulio karibu kabisa na maji. Birika lake la kutawadhia bado lipo, na kando yake yamepachikwa mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu. Kijana alivua viatu, akasugua miguu yake pale pale waliposugua waliokuja kuswali zaidi ya miaka 500 iliyopita. Katika msikiti huo pia kuna dalili za chumba cha wanawake. Mke wangu alisimama hapo muda mrefu kuliko aliposimama mahali pengine popote siku ile. "Waliwawekea nafasi," alisema. Nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, ili wasimamizi wa misikiti wanaodai kuwa nafasi ya akina mama haipatikani wafunge safari hadi Mtwapa wakaione.

Nyuma ya ukuta wa kaskazini, ulio upande wa kibla, kuna kaburi lenye maandishi ya Qur'ani: ni ile aya ya Surat Aal Imran inayotukumbusha kwamba hakuna nafsi itakayokosa kuonja mauti. Nilikuwa nikiwasomea wajukuu maandishi hayo, na kijana akanikata.

"Babu, mtwana ni nani?"

"Mtwana ni mtumwa mwanamume."

"Kwa hiyo jumba hili ni la mtumwa?"

"Ndivyo lisemavyo jina."

"Na bwana wake aliitwa nani?"

Nilifungua kinywa, nikakosa la kusema. Hakuna alijuaye jina lake. Mji huu haukutajwa katika maandishi ya kale. Jina tulilo nalo ni lile lililobaki midomoni mwa watu, na jina hilo lamtaja mtwana. Waliojenga kuta hizi nao bila shaka walikuwa na nasaba zao, wakizihesabu baba hata babu, wakikataa kuoza huku na kukubali kuoza kule. Leo hatumjui hata mmoja wao. Nikamwambia mjukuu wangu, "Bwana wake amesahauliwa." Naye akaona ni jibu la kutosha, akaenda zake kuokota matunda ya mbuyu. Mimi nikabaki pale kaburini, na baba yake amesimama hatua tatu nyuma yangu, kimya.

Nilichokificha nyuma ya kitabu

Sasa nifike kwenye deni langu.

Miaka tisa iliyopita kijana kutoka Entarara alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Akasilimu, akaanza kuhudhuria darsa yangu baada ya Magharibi. Nilimfundisha kuitamka Alhamdu herufi kwa herufi. Nilimfundisha kwamba Waislamu ni ndugu, na kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa uchaMungu. Alikuwa mwepesi wa kushika na hakuwa mtu wa kuacha swali lipite. Nilimpenda. Kisha akatuma wazee kumposa binti yangu, na binti yangu akaridhia. Hapo ndipo nilipoifungua Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa kafaa.

Sikusema uwongo. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameitaja nasaba, na wameitaja kazi ya mtu, miongoni mwa mambo yanayotazamwa katika kafaa ya ndoa. Lakini wanazuoni hao hao wamebainisha kwamba kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiiacha kwa ridhaa yao ndoa ni sahihi bila ya shaka yoyote. Mwanamke alikwisha kuridhia. Aliyebaki ni walii, naye ni mimi. Kwa hiyo nilipowaambia wazee wale kwamba "kuna masuala ya kisheria," kitabu kilikuwa kweli, ila mimi sikuwa mkweli. Lililonizuia lilikuwa baraza. Niliogopa kuambiwa kwamba binti wa Sheikh ameolewa na Mmasai.

Nilisema naswali istikhara. Niliiswali mara moja, na moyo uliponielekeza kwenye wepesi, nikajifanya sikuelewa. Nilimzungusha kijana yule kwa miezi 14. Mwisho niliwaozesha, kwa ulimi wangu mwenyewe, lakini kwa shingo upande. Na walipohamia Entarara nikapata kisingizio chepesi kuliko vyote: ni mbali.

Nawakumbusha wasomaji, na najikumbusha mimi kabla yenu, kisa cha Fatima binti Qays kilichomo katika Sahihi Muslim. Alikuwa bibi wa Kikureshi, na waliomposa walikuwa miongoni mwa watu wakubwa. Mtume (S.A.W.) akamshauri aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzoni Fatima hakupendezewa. Akashauriwa tena, akakubali, na Mwenyezi Mungu akaitia ndoa ile kheri. Hadithi hiyo nimeisomesha mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Niliisomesha hata katika ile miezi 14.

Swala ya Vuma

Kutoka Mtwapa tuliendelea kaskazini, tukapita Kikambala na Vipingo. Kabla ya Kilifi kuna njia ya kwenda Takaungu, mji ambao sehemu moja ya ukoo wa Mazrui waliufanya makao yao baada ya kuipoteza Mombasa mwaka wa 1837. Si mbali na hapo yako majabali ya Vuma. Njia yake ni ya vumbi, imepita katikati ya mashamba ya mkonge, na gari dogo lahitaji dereva mwenye subira. Mkwe wangu aliliendesha kana kwamba nyanya zimo ndani.

Atakayefika Vuma wakati wa kusi atalielewa jina hilo bila ya kufasiriwa. Hakuna mchanga wa kuyapokea maji. Jabali limesimama wima, limechongoka kama meno, na wimbi linalotoka bahari kuu hulipiga kwa kishindo ambacho mtu hukisikia kifuani. Maji huingia katika mapango ya chini, yakarushwa juu kupitia nyufa, yakaanguka kama mvua. Hakuna ukuta wala kamba ya kumzuia mtu. Tuliwashika watoto mikono tangu tulipofungua milango ya gari, na tulikaa mbali na ukingo. Kijana alitazama wimbi moja, na la pili, na la tatu. Akasema, "Babu, inaishia hapa." Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, hapa ndipo inapoishia.

Adhuhuri ikaingia. Tulitandika mikeka nyuma kabisa, penye nyasi. Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza kama mwenda matembezi ana ruhusa ya kufupisha swala, na hapa ndipo pa kumjibu. Kwa Mashafii, masafa ya kufupisha ni marhala mbili, yaani zaidi kidogo ya kilomita 80, na safari iwe ya halali. Aendaye Kilifi tu, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mombasa, hana ruhusa hiyo. Aliyekusudia Malindi anayo tangu anapoyaacha majengo ya mji wake. Basi tulikuwa na haki ya kuswali Adhuhuri rakaa mbili na kuitanguliza Alasiri pamoja nayo.

Kwa miaka 30 sijaswali nyuma ya mtu katika familia yangu. Kila mmoja alikuwa akinisubiri nisimame mbele. Nikamwambia mkwe wangu, "Tuswalishe."

Akanitazama. "Sheikh, goti linauma?"

"Goti ni zima. Tuswalishe."

Akatangulia. Kwa kuwa Adhuhuri ni swala ya siri, sikuisikia kisomo chake. Nilisikia takbira zake tu, na kati ya takbira moja na nyingine, bahari. Katika sijda ya mwisho nilichelewa kuinuka, na haikuwa kwa sababu ya goti.

Tulipomaliza Alasiri nilimshika mkono, mbele ya mke wangu na binti yangu, nikamwambia niliyowaandikia hapo juu, lote, hata lile la istikhara. Nikamwomba anisamehe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nilidhani ni ada ya watu wa Pwani. Kwetu pia posa haimalizwi kwa siku moja." Sijui kama kweli alidhani hivyo, au alinisitiri. Lakini aliongeza jambo ambalo halikuwa la kunisitiri. "Mimi nimeshasamehe. Ila mama yangu huniuliza kila mwaka kwa nini baba wa mke wangu hajaja kunywa maziwa yake. Kila mwaka humwambia una kazi nyingi."

Binti yangu alikuwa akikunja mkeka. Hakusema neno, na hakuinua uso mpaka mkeka ulipokunjwa kabisa.

Hadi Malindi

Yaliyobaki ya safari nayapitisha haraka. Tulisimama Mnarani, kwenye magofu yaliyo juu ya mwamba wa hori la Kilifi, tukautazama msikiti wake na kaburi lake la mnara. Tukavuka daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991, nikawasimulia watoto jinsi tulivyokuwa tukisubiri feri pale kwa masaa. Gede tuliiacha kwa siku nyingine. Malindi tulifika jua likiwa limepinda, tukaenda hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, iliyo juu ya rasi ya majabali. Alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Hindi. Mawimbi yanaitafuna miamba iliyo chini ya nguzo ile, kama yanavyovitafuna visiwa vidogo vya Watamu hadi vikasimama kama uyoga. Mjukuu wa kike alikuwa amelala begani kwa baba yake na hakuiona nguzo yoyote.

Tulirudi usiku. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yetu ilikuwa na maneno machache na vyombo vitupu vya mahamri.

Kwa wanaotaka kufanya safari hii

Ndugu zangu, msiache kuwatembeza watoto wenu. Mola wetu ametuhimiza tutembee katika ardhi tupate kuzingatia, na si lazima kuzingatia kwanzie ng'ambo. Ila zingatieni haya.

Ulizeni wavuvi au tazameni majedwali ya maji kabla ya kutoka. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa huzidi mita 3. Mwamba unaotembelewa asubuhi huwa chini ya maji mchana. Wakati wa kusi mawimbi ni makali zaidi, na mahali kama Vuma mtoto asiachwe mkono hata kwa dakika moja. Jabali lililochongoka hukata, kwa hiyo viatu vya soli nzito ni bora kuliko ndara. Msivunje wala msichukue jiwe katika magofu wala matumbawe baharini. Magofu ni amana ya waliotutangulia, na matumbawe ni makazi ya viumbe walio hai. Kiingilio cha magofu lipeni bila ya kulalamika. Na nia ya safari iwekeni mapema, kwani ndiyo itakayowafupishia au kutowafupishia swala.

La mwisho halimo katika vitabu vya safari. Mnapopanga nani ataketi ndani ya gari, mfikirieni yule ambaye hamjazungumza naye vizuri kwa muda mrefu. Ndani ya gari hakuna pa kukimbilia.

Maziwa ya Entarara

Walipofunga mizigo kurudi kwao, nilitia mkoba wangu garini pamoja nao. Mke wangu hakuniuliza goti. Alinipa leso mbili na chupa ya asali, akasema, "Mpelekee mwenzangu."

Njiani, karibu na Mwatate, kijana alinionyesha alichokuwa amekifumbata tangu Mombasa. Ni kipande cha jiwe la matumbawe, mabaki ya jiwe la kujengea, alichokiokota nyumbani kwetu penye ukuta unaokarabatiwa. Amelilinda safari nzima.

Mama yake mkwe wangu ni mzee sana, na hasikii Kiswahili ila maneno machache. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na vifungu, ije ifasiriwe na mwanawe. Alinipokea mlangoni, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Nikanywa. Maziwa yale yana harufu ya moshi, na yana ukali kidogo. Alisubiri nikamaliza, akamimina tena. Ndipo akasema neno, na mwanawe akanifasiria: "Anasema, sasa kaa."

Hotuba yangu ingali mfukoni. Niliomba radhi kwa sentensi tatu, akaitikia kwa kichwa, akauliza kama nyumbani kwetu mvua imenyesha. Kijana alimpa bibi yake jiwe jeupe la bahari. Akaligeuzageuza, akaukuna uso wake kwa ukucha, akaliweka chini pembeni mwa mlango, usijifunge kwa upepo. Lipo hapo hadi leo ninapoandika.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi tulioijua haki tukaichelewesha, na uwalipe kheri waliotusubiri. Zijaalie nyumba zetu ziwe na milango iliyo wazi, na uwakutanishe jamaa waliotenganishwa na umbali au na kiburi. Amin.

Juma lijalo, Inshaallah, turudi kwenye haki za jirani.

Wabillahi tawfiq.